Midomo Minne, Chupa Moja

Kata-kata-kata. Ilikuwa sauti ndogo tu, gololi ya waya ikirukaruka ndani ya chupa ya plastiki, lakini kwenye giza la alfajiri ilisikika kama panya anayetafuna mlango wa kabati. Pindo alisimama jikoni pekupeku, chupa ameifunga kwa taulo na kuikumbatia kifuani, anaitikisa taratibu. Taa hakuwasha. Chumba cha pili mtoto alikuwa amelala, na usingizi wa mtoto anayekohoa ni kama maziwa yaliyo jikoni: ukigeuza shingo tu, yamemwagika.

"Utaitikisa mpaka lini?" Mama yake alikuwa amejitokeza mlangoni na shuka lake mabegani. "Unga gani huo usioyeyuka? Saruji yenyewe ingekuwa imeshalainika."

"Yakibaki mabonge Twiga wa timu yetu hanywi, mama. Anasema anameza kokoto."

"Ana akili huyo. Mimi nimezaa saba na nikawalea kwa maharage, na hakuna aliyenitikisia chupa."

"Hukuwa unakimbia, mama."

"Nani kakwambia? Kuwakimbiza nyinyi saba ilikuwa nini, matembezi?"

Pindo alicheka kwa kuziba mdomo, na kicheko kilipopita kooni kikamkwaruza. Akameza mate. Koo lilikuwa likimuuma tangu juzi, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Kule chumbani mtoto alikohoa mara mbili, akanyamaza, na wale wanawake wawili wakabaki wamesimama kimya, wanasikiliza kama askari wa lindo.

"Kifua kimeanza tena," mama yake akasema.

"Ni vumbi tu."

"Mke mwenzangu huyo namjua. Hilo si vumbi."

Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate wa asubuhi, na kifua chake hakikuwahi kusamehe kuharakishwa huko. Mwezi uliopita alilala wodini na hewa ya mtungi puani. Tangu watoke, Pindo alikuwa na ombi moja tu analolala nalo na kuamka nalo: kifua hicho kipate nafasi ya kupumzika. Na ombi la pili, ambalo aliona haya kulitamka karibu na lile la kwanza, lilikuwa Jumamosi.

Siku ya Jumamosi viwanda vyote vya mji vingeshindana riadha, na kocha wa timu ya taifa angekuwepo kutazama mbio za wanawake za kupokezana vijiti. Pindo alikuwa mmaliziaji wa timu ya kiwanda cha magodoro. Kule kiwandani alishona mapindo ya magodoro, ukanda ule mnene unaozunguka ukingo, na ndiyo maana hata mshahara ukiitwa walimwita Pindo. Kabla hajazaa watu walisema atafika mbali. Baada ya kuzaa walisema alikuwa anakwenda vizuri, maskini. Hilo "alikuwa" ndilo alilotaka kulifuta.

Alimimina maji ya mwisho kwenye chupa, maji aliyoyachemsha jana na kuyapoza chini ya kifuniko. Yeye ndiye mtunza kopo la unga la timu kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya karibu na uwanja, na kazi hiyo aliifanya kwa heshima zote. Chupa aliisugua kwa maji ya moto na sabuni kila jioni, akaisuuza na kuigeuza juu ya kitambaa safi. Kijiko cha kupimia kilikuwa na pakiti yake. Ungemwambia Pindo kwamba chupa ile ina uchafu, angekuonyesha vidole vyake vilivyobabuka kwa maji ya moto.

*

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda, wa vumbi, mistari yake ikichorwa kwa chokaa na kufutwa na kila mvua. Timu ilikuwa ya wanawake wanne. Aliyeanza mbio ni Risasi, mkataji wa sponji, mfupi, mwenye mdomo wa haraka kuliko miguu, na miguu yake ilikuwa ya haraka kweli. Aliyepokea ni Mama Pacha, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa ubavuni mwa ya Pindo, na siri zao pia zilikaa ubavu kwa ubavu. Wa tatu alikuwa Twiga wa stoo, ambaye hajawahi kuhitaji ngazi. Halafu Pindo.

Kulikuwa na zamani ambapo wanawake hawa wasingeweza kupokezana hata salamu. Godoro likitoka kombo, wakataji walisema sindano imevuta. Washonaji wakasema kisu kililewa. Kocha wao, ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa mashine za kiwanda na ujanani alikuwa mkimbiaji, aliikuta timu yake imegawanyika kabla haijakimbia hatua moja. Kisha uongozi ukampa kopo moja la unga wa protini na chupa moja. Kocha akaikoroga chupa mbele yao, akasema: "Mtakunywa kwa mpangilio wa kijiti. Aanze anayeanza, amalize anayemaliza. Na atakayepangusa mdomo wa chupa, ajue amemtukana mwenzake."

Siku ile Risasi alikunywa akamkabidhi Mama Pacha, ambaye walikuwa hawajasemezana naye mwaka mzima. Mama Pacha aliitazama chupa, akamtazama Risasi, akanywa. Basi. Ugomvi ukaishia hapo. Tangu siku hiyo kijiti hakikuanguka tena, na sheria ya kutopangusa ikawa kama kiapo. Kulikuwa na dada mmoja wa kufunga mizigo aliyewahi kupitisha kidole kwenye mdomo wa chupa. Walimwita Bibi Sabuni mpaka akaacha mazoezi mwenyewe.

Na unga ulifanya kazi, usidanganywe. Zamani wakikimbia leo, kesho yake walipanda ngazi za kiwanda kwa kushika ukuta kama vikongwe. Sasa miguu iliamka ikiwa tayari. "Misuli ni ukuta," Kocha alipenda kusema. "Mazoezi yanabomoa, protini inajenga." Hapo alikuwa sawa. Kisha akaongeza maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Na ukuta ukiwa imara, ugonjwa utapita wapi?" Aliwaambia pia kwamba kijiko kimoja ni sahani nzima ya maharage. Pindo alizipiga hesabu hizo kimya kimya, na sahani yake ya jioni akaanza kuisogeza upande wa mtoto.

Asubuhi ile walikimbia vizuri. Walipomaliza, wakakaa chini kwenye ukingo wa saruji, jasho likichora njia kwenye vumbi la miguu, na Pindo akaitoa chupa kwenye taulo.

"Risasi, bakiza. Hii si bia," Twiga akasema.

"Wewe umejuaje bia inavyonywewa?"

"Kwa kukutazama wewe unavyokunywa maziwa."

Mama Pacha alipokea, akanywa, akakohoa kidogo, akampa Twiga. Twiga akanywa nusu, akashusha chupa, akapiga chafya iliyomtikisa urefu wake wote.

"Haya sasa!" Mama Pacha akapiga makofi. "Hata mafua tunapokezana! Risasi kaanza nayo wiki ile, mimi nikayapokea, sasa Twiga yuko kwenye kona anakuja. Pindo, nyoosha mkono usije ukayaangusha!"

Walicheka mpaka Risasi akashika ubavu. Pindo naye alicheka, akanyoosha mkono kweli, kwa mzaha, na Twiga akamwekea chupa kiganjani kama kijiti. Akainywa mpaka mwisho. Kinywaji kilikuwa kitamu, chenye harufu ya vanila, na kikamteremka kooni kama mchanga.

"Hayo si mafua, ni uchovu," Kocha akasema. "Kuanzia kesho ongeza kijiko."

"Sawa, kocha."

"Jumamosi, Pindo. Macho yote yako kwako."

"Najua, kocha," akasema, na furaha ikamjaa kifuani hata akasahau koo.

*

Alipotoka zamu jioni, vumbi la sponji bado kwenye nywele, alimkuta mama yake nje ya geti, mtoto mgongoni, viatu vya kutokea miguuni. Hakuuliza. Walishika njia ya kliniki, Pindo akimpokea mtoto njiani, na kupitia nguo akalisikia joto lake kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alimfunua mtoto fulana, akatazama ngozi ya chini ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi, akaweka chombo cha kusikilizia, akafumba macho. Pindo naye alifumba ya kwake.

"Hatujafika kubaya," muuguzi akasema mwishoni. "Lakini hatuko mbali. Nitampa dawa na mtarudi naye kesho. Mbavu zikianza kuzama zaidi ya hivi, msingoje kesho. Kwenye kadi yake naona alilazwa mwezi uliopita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo amepata jingine juu ya lile. Nyumbani nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Na wewe unayeongea kama chura?"

Mama yake Pindo akageuza shingo, akamtazama binti yake. Pindo akaona aibu. "Koo tu. Sisi wanamichezo kinga yetu iko juu, natumia protini."

Muuguzi alicheka, si kwa dharau, kama mtu anayesikia mtoto wake akikosea jina la mnyama. "Nani kakudanganya, mama? Protini ni kitu chema. Inajenga misuli, na hata askari wanaoulinda mwili wanaihitaji. Lakini askari hawali kitu kimoja. Unakimbia sana?"

"Kila asubuhi. Halafu naingia zamu."

"Unalala?"

"Kidogo. Mtoto anakohoa."

"Unakula?"

Aliyejibu alikuwa mama yake: "Anakula harufu. Sahani yake anamsogezea mtoto, mtoto anabakiza, kesho tunampa kuku wa jirani."

"Basi hapo," muuguzi akasema. "Mkimbiaji anayechoka sana, asiyelala, asiyekula, mwili wake unaacha mlango wazi. Unga wa kopo haufungi mlango huo. Na mlango ukiwa wazi, kinachobaki ni nani atapita. Unakula kijiko kimoja na mtu? Unakunywa kikombe kimoja na mtu mwenye mafua?"

"Hapana," Pindo akasema haraka. Nyumbani kwake kila mtu alikuwa na kikombe chake.

Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

Aliiona chupa. Aliiona ikitoka kwa Risasi, ambaye ndiye aliyeugua kwanza. Ikaenda kwa Mama Pacha, akaugua wa pili. Ikaenda kwa Twiga. Ikaja kwake. Hakuna aliyeruka zamu, hakuna aliyekatiza njia ya mwenzake. Ugonjwa ulikuwa umekimbia mbio zile vizuri kuliko wao. Na jioni zote hizo alizosugua chupa kwa maji ya moto mpaka vidole vikababuka, alikuwa anaisafisha baada ya karamu kwisha. Akamtazama mtoto mapajani pake, kichwa kimeegemea kiwiko, pua zinapanuka na kufunga. Mmaliziaji akishamaliza, kijiti anampa nani?

"Umewaza nini?" muuguzi akauliza.

"Nimekumbuka kitu," Pindo akajibu.

*

Kwa siku kadhaa hakwenda mazoezini, kwa ruhusa. Mtoto hakulazwa. Hata hivyo alikataa chakula: uji alifumbia mdomo, ndizi aliishika mpaka ikawa nyeusi mkononi, wali aliusukuma kwa kidole punje moja moja mpaka ukingoni mwa sahani. Alikunywa maji na dawa basi. Bibi yake alijaribu kila hila. "Mke mwenzangu, usipokula mimi nitaolewa peke yangu," akamwambia, na mtoto akamgeuzia ukuta.

Siku mbili kabla ya mashindano Pindo alirudi uwanjani. Alichukua kopo, chupa, na vikombe vinne vya plastiki kutoka kabatini kwake, kila kimoja na rangi yake, amevifunga kwenye taulo. Njia nzima alijizoeza kusema. Ataanza na mzaha. Atasema: leo mnakunywa kama mabibi. Watacheka, kisha ataeleza, na watu wanaocheka ni rahisi kuwaeleza.

Walikimbia kwanza. Kikohozi cha Mama Pacha kilikuwa kimeisha, lakini Risasi alikuwa ameanza upya, macho mekundu. Walipokaa kwenye saruji, Pindo akavipanga vikombe.

"Leo mnakunywa kama mabibi," akasema. Sauti ilimtoka vibaya, kama mtu anayesoma.

Hakuna aliyecheka.

"Hivi vya nini?" Kocha akauliza.

Basi akaeleza, si kwa mpangilio aliouandaa. Alianza na mbavu za mtoto, akarukia kwa muuguzi, akarudi kwenye mafua, Risasi, Mama Pacha, Twiga, yeye. Alisema unga hauna kosa. Alisema kosa ni midomo minne kwenye chupa moja. Kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyofunga, mlango mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemwua mtoto wako," Risasi akasema.

"Usitamke neno hilo! Hajafa. Sijasema wewe."

"Umesema nimeanza mimi."

"Mafua huanza na mtu, Risasi. Yangeweza kuanza na mimi."

"Lakini hayakuanza na wewe. Yameanza na mkataji. Kama kawaida, kombo ni la mkataji."

Twiga alitazama chini, miguu yake mirefu ameikunja. Aliyemuumiza Pindo zaidi ni Mama Pacha, kwa sababu yeye hakupandisha sauti. "Nilikulelea mtoto wako ulipokuwa zamu ya usiku," akasema. "Alikula kwenye kijiko cha wanangu. Leo mate yangu yamekuwa sumu?"

"Mama Pacha, wewe unanijua..."

"Nilidhani nakujua."

Kocha aliinama, akavikusanya vikombe kimoja ndani ya kingine, akamrudishia Pindo polepole. Hakuwa mtu mkali. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoijenga ina ufa. "Unajua chupa hii ilitutoa wapi," akasema.

"Najua, kocha. Ndiyo maana nimekuja kusema, sikunyamaza."

"Tukianza kunywa kila mtu na kikombe chake, kesho tutakimbia kila mtu na kijiti chake. Siku mbili kabla! Pindo, kunywa. Baada ya Jumamosi tutaongea."

Akaipitisha chupa kwa Risasi, kwa Mama Pacha, kwa Twiga, kisha akampa. Ilikuwa nzito, ya baridi, imetoka kwa Twiga, na ukingoni mwake kulikuwa na alama ya unyevu. Harufu ya vanila ikampanda. Pindo alijua kwamba funda moja halingebadili mengi. Alikuwa mgonjwa tayari. Alijua pia kwamba Jumamosi alikuwa anaitaka kwa mwili mzima. Alikuwa ameiota kona ya mwisho, kelele za watu, kijiti kikigusa kiganja na ardhi ikianza kurudi nyuma. Hakuna aliyewahi kumnyima kitu hicho ila maisha, na sasa alikuwa anaombwa ajinyime mwenyewe.

Lakini akinywa leo, atakunywa kesho. Na baada ya Jumamosi kutakuwa na Jumamosi nyingine, na kila alichokunywa hapa angekipeleka nyumbani kwenye pumzi.

"Siwezi," akasema.

"Asiyekunywa hamalizii."

"Siwezi, kocha."

Kocha akaichukua chupa mkononi mwake, akageuka, akamwita dada mmoja, mkimbiaji wa akiba. Yule dada aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Pindo kwanza, kama anayeomba radhi au anayeuliza kitu, kisha akanywa.

Siku ile kiwandani cherehani ya Mama Pacha iligeuzwa kidogo, kidogo tu, kiasi cha mgongo kutazama upande wa Pindo. Walishona hivyo mpaka kengele.

*

Jumamosi alasiri ilimkuta Pindo ameketi kitandani mwa mtoto. Usiku wa kuamkia jana homa ilipanda mpaka wakarudi kliniki, na muuguzi akabadilisha dawa. Leo ngozi ilikuwa na jasho jepesi na mbavu hazikuzama tena, lakini midomo ilikuwa imekauka na mtoto alilala tu. Upepo ulipogeuka ulileta sauti ya vipaza sauti kutoka uwanja mkubwa, sauti isiyo na maneno, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Pindo alijizuia asisikilize. Alisikiliza.

Kwa hiyo amekosa vyote viwili, alijiambia. Mbio hakukimbia, na mtoto aliugua vilevile, kwa sababu alichokuwa amekileta alikuwa ameshakileta. Mtu akikosea mapema, hata akitubu mapema, kuna kipande kinachochelewa kufika. Mama yake alimwekea sahani ya wali na maharage mapajani, akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka akala yote. Kila kijiko kilikuwa na uzito wa jiwe, lakini alikula. Hilo alikuwa ameliamua. Mlango mmoja angalau angeufunga.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka alipomwona mtu dirishani. Mama Pacha alikuwa amesimama nje, hatua chache kutoka ukutani, bado na fulana ya mbio, namba imebandikwa kifuani kwa pini, pembe moja imeng'oka. Miguu ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Kwenye mkono alikuwa na mfuko.

Pindo akasimama. "Karibu. Mlango uko wazi."

"Siingii."

"Hata kama umenikasirikia, usisimame juani. Ingia unikasirikie ndani."

"Tulikuwa wa mwisho," Mama Pacha akasema, kana kwamba hakusikia. "Risasi aliamka na homa, akatuficha. Alipofika kwangu alikuwa anatembea, Pindo. Risasi anatembea! Mimi nikapokea, nikafika kwenye kona, miguu ikawa sponji. Twiga akajitahidi. Yule dada wa akiba akamalizia peke yake, uwanja mtupu, watu wameshaanza kushangilia mbio nyingine."

"Pole. Jamani, poleni."

"Usinipe pole, nitalia."

"Na Kocha?"

"Hajasema kitu. Amekaa kwenye benchi na chupa mapajani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Risasi anasema tungekimbia na wewe tungeshinda. Twiga anasema tungekimbia na wewe ungekuwa wa mwisho mwenye mbio nzuri, basi." Alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi kikavu, kirefu. Akakunja pindo la fulana, akajiziba mdomo, na Pindo akaona kwamba akikohoa alirudi nyuma hatua moja, mbali na dirisha.

"Umerudiwa?"

"Tangu jana. Na wanangu wameamka leo wanakohoa. Wote wawili, kwa zamu." Macho yake yakajaa. "Nikawasikiliza kitandani, Pindo, mmoja anaanza, mwingine anapokea. Nikakumbuka nilivyopiga makofi siku ile."

Pindo alitaka kutoka nje amshike mikono, na alijua kwamba ndilo jambo asiloweza kufanya. Walibaki wakitazamana kupitia wavu wa dirisha kama mfungwa na mgeni wake, ila haikujulikana nani kafungwa.

"Sikuingia si kwa hasira," Mama Pacha akasema. "Nina homa. Nikiingia nitampa mtoto."

Akaja mbio mbio mpaka dirishani, pumzi ameibana mashavuni kama anayepiga mbizi, akaweka mfuko kwenye kizingiti, akarudi mbio mpaka pale pale alipokuwa. Hapo ndipo akapumua. Ilikuwa mbio fupi kuliko zote alizowahi kukimbia, na Pindo aliona kichekesho chake na machozi yake kwa pamoja.

"Mayai," Mama Pacha akasema. "Ya mtoto, na ya kwako. Hasa ya kwako. Umekonda kama sindano yako, na wewe unapinda magodoro ya watu."

"Na pacha? Umewapeleka kliniki?"

"Ndiko naelekea. Nilipita kwanza hapa."

"Nenda kwa yule muuguzi wa miwani. Mwambie kila kitu, usione haya kama mimi. Na usiku nikusaidie nini? Nipikie nini? Nitaleta mpaka mlangoni, nitaacha, nitaondoka."

"Nipikie supu basi. Lakini usiingie."

"Siingii."

"Kikombe changu kiwe cha rangi gani?" Mama Pacha akauliza, na safari hii alitabasamu kweli, ingawa machozi yalikuwa yameshachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

Pindo alikuwa anafikiria amjibu nini. Nyuma yake kitanda kililia. Aligeuka. Mtoto alikuwa ameketi, nywele zimelala upande mmoja, shuka limemzunguka kiunoni, anautazama mfuko uliokuwa kizingitini kwa macho makubwa yaliyo macho kabisa. Bibi yake, mlangoni, aliacha kupangusa mikono.

"Mama," mtoto akasema, "nina njaa."